Kitako cha Meka

"Mama Débo, usipimie hapo mbele ya bantu. Kuya huku nyuma ya magunia."

Mama Kalunga, muuza unga, alisema hayo kwa sauti ya chini, lakini alikuwa amechelewa. Déborah Kabange alikwisha kutundika mizani kwenye boriti ya kibanda. Ilikuwa mizani ya saa yenye ndoano, ile ya kupimia watoto kwenye kituo cha lishe, na suruali ya kitambaa wanayovalishwa watoto wakati wa kupimwa alikuwa ameikunja ndani ya mkoba. Mizani ya ofisini kwao ilikufa zamani, na kila aliyeulizia nyingine aliambiwa asubiri, utadhani mizani huota yenyewe mvua zikianza.

Sokoni Kamina walimwita Mama Bei. Kila mwisho wa mwezi alipita na karatasi ya ofisi ya takwimu: mafuta, chumvi, sabuni, makaa, dagaa wa ndakala, unga wa mahindi. Aliuliza, akaandika, akaenda zake. Wauzaji walimzoea hata wakawa wanamjibu kabla hajafungua kinywa. Unga? Elfu tano kwa meka. Mwezi uliopita? Elfu tano. Na ule mwingine? Elfu tano, mama, weye hauchokake kuuliza?

Kusema kweli, alikuwa amechoka. Nyumbani kwake unga uliokuwa ukifika Jumamosi sasa ulikuwa unaishia katikati ya juma. Mwanzoni alimshuku Gisèle, binti yake, kwamba anapika kwa mkono mpana kama mke wa waziri. Akamsema mbele ya majirani, Gisèle akalia. Kisha mjukuu wake Isaïe, mtoto wa Gisèle, akaanza kuvimba miguu na nywele zake zikageuka rangi ya kutu, na Déborah akayaonea aibu maneno yake. Ndipo alipokwenda kuazima mizani.

Akamimina meka moja ya unga kwenye mfuko, akautundika. Mshale ukasogea, ukasimama. Meka iliyozoeleka kuwa na kilo tatu ilikuwa na mbili na kitu kidogo ambacho hata kuku angekiacha.

Meka ni bakuli la bati tu. Soko zima linapima kwalo, na hakuna mtu Kamina anayenunua unga kwa kilo. Déborah akaligeuza juu chini. Kitako chake kilikuwa kimebonyezwa kwenda ndani, na alipoweka ngumi yake kwenye lile shimo, ilienea yote.

"Nani alipiga hii?"

"Minyi mwenyewe," Mama Kalunga akajibu akijigusa kifua, bila kukwepesha macho. "Na muchi ya kutwangia sombe. Bote tulipiga, Mama Débo. Ukitafuta meka ya muzima mu hii soko, utalala hapa."

Mama Kalunga hakuwa mwizi. Alikuwa mtu wa misa ya alfajiri, mtoto wa wakulima ambao baba zao walilima pembeni mwa Kamina kabla reli haijafika. Zamani ukinunua kwake hukuomba matabishi. Alikuongezea konzi ya unga juu ya meka kabla hujafungua mfuko, na bado akauliza hali ya watoto. Kisha likabandikwa tangazo kwenye lango la soko: unga usipite elfu tano kwa meka, atakayepitisha gunia lake litachukuliwa. Gunia lenyewe hutoka Kaniama kwenye barabara isiyostahili jina hilo, na kila kizuizi njiani kina mkono wake ulionyooshwa, hivyo likifika Kamina limekwisha kuliwa na watu wengi kabla halijapikwa. Mama Kalunga alinunua ghali na akaamriwa auze rahisi. Kwanza akaondoa matabishi. Halafu siku moja akafunga mlango wa nyumba yake, akashika mchi. Bei ikatii amri, na kitako cha meka kikapanda badala yake.

"Naandika hii kilo," Déborah alisema.

"Aa, hapana! Ukiandika, bantu ba contrôle batakuya kesho asubui. Batabeba gunia. Na ile gunia njo maisha yangu yote, Mama Débo, haina ingine nyuma yake."

"Sitaandika jina yako. Naandika kilo tu. Sikia, mama: kule kwa kituo cha lishe banafwataka karatasi yetu. Tukisema bei ya bunga haikupanda, feza ya kununulia batoto bunga nayo haipande. Isaïe wangu iko mule. Leo njo siku ya kupeleka karatasi. Ikipita leo, tunangoya mwezi muzima, na ule mutoto..."

Mama Kalunga akatazama wauzaji wenzake, ambao wote walijifanya wanapanga vitu.

"Andika. Lakini jina yangu, hata bakuue."

"Hata baniue."

Yule mama akachota konzi nzima kutoka guniani, akaitia juu ya mfuko wa Déborah. "Ya Isaïe," alisema.

"Wafwako, mama," Déborah akamshukuru kwa Kiluba cha kwao, na akaondoka upesi kabla machozi hayajamwaibisha sokoni.

Mkuu wake, chef Chrispin, alikuwa ofisini peke yake, koti limetundikwa kwenye kiti, jasho linamtoka. Umeme haukuwapo. Aliisoma karatasi kwa kidole mpaka akafika kwenye unga, kidole kikasimama.

"Hii kilo imetoka wapi?"

"Nilipima, chef. Meka ilipungua. Bantu banalipa ileile feza, lakini banabeba bunga kidogo. Njo kusema bei ilipanda, chef. Ilipanda mingi."

"Nani alikutuma kupima?"

"Hakuna."

"Bon." Chrispin akageuza karatasi, akampa aone, kama mwalimu anayemwonyesha mtoto kosa lake. "Soma hapa. Unité: meka. Si kilo. Meka moja ni ngapi?"

"Elfu tano."

"Mwezi wa nyuma?"

"Elfu tano."

"Basi, kupanda ni zéro. Hata mutoto wa primaire anaweza kufanya ile calcul."

"Chef, lakini ile meka si ileile! Beliipiga kitako!"

"Nani?"

Swali lilikuja taratibu, na Déborah akaona mtego baada ya mguu wake kuwa umekwisha kuingia.

"Kama meka inapigwa kitako," Chrispin akaendelea, "ile si bei. Ile ni wizi. Na wizi haina ofisi yangu. Unipatie jina ya muuzaji, naita bantu ba contrôle sasa hivi, banakamata ile meka, banafanya procès-verbal. Hapo nitakuwa na preuve, ushahidi, nitaandika chini ya karatasi kama meka ilipungua. Bila jina, haina kitu. Utachagua."

Déborah alisimama. Mkoba wake ulikuwa mzito kwa ule unga, na juu yake kulikuwa na konzi ya Mama Kalunga. Jina moja tu lilihitajika. Alilitia ulimini, akalisikia ladha yake, na Mungu anisamehe kwa kumsemea, lakini kwa kitambo kidogo alikuwa tayari kulitema. Aliiona miguu ya Isaïe, ngozi inayong'aa kwa uvimbe, kidole kinavyoacha shimo lisilorudi. Halafu akauona mkono wa yule mama unachota.

"Simujue jina yake," alisema.

"Unamujua."

"Chef, weye uko na batoto. Banakula bunga ya hii soko."

Chrispin hakukasirika, na hilo ndilo lililomkatisha Déborah tamaa zaidi. Alijifuta shingo kwa leso.

"Mama Débo, unazani minyi sioni? Bibi yangu, mama ya batoto, ananigombeza kila siku, anasema nakula bukari ya bantu bawili. Nilipokuwa Luena niliandika kama chumvi ilipanda. Bakubwa beliniuliza: weye njo unauzishaka chumvi? Kisha belinileta huku." Akachukua kalamu, akakata ile kilo kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika sifuri. "Tia sahihi. Motari inangoya."

Mtu wa pikipiki alikuwa kweli anapiga honi nje. Déborah akatia sahihi. Herufi zilikuwa zake, zilezile za kila mwezi, nzuri na za duara, na alizichukia zote.

Mizani ilikuwa lazima irudi. Akaenda nayo mpaka kituo cha lishe, nyuma ya kanisa, jua likiwa kali. Ilikuwa siku ya kugawa. Kina mama walikuwa wamejipanga mstari na watoto mgongoni, kimya kisicho cha kawaida kwa mahali penye watoto wengi namna hiyo. Mtoto mwenye njaa sana halii. Gisèle alikuwa mbele kabisa. Alikuwa amefika kabla ya jua.

Matthias, muuguzi wa kituo, aliipokea mizani, akaitundika mahali pake. "Ulifika bien, Mama Débo. Tunaanza."

Kando yake yalisimama magunia ya unga, yaliyonunuliwa asubuhi ileile sokoni, meka baada ya meka, kwa bei ya karatasi ya mwezi uliopita. Kila mtoto meka mbili, ndivyo ilivyopangwa. Na juu ya gunia la kwanza palikuwa na meka iliyotoka sokoni pamoja nayo.

Déborah akaichukua bila kuomba ruhusa. Akaigeuza. Kitako kilikuwa ndani, na ngumi yake ikaenea.

Alichuchumaa, akafunika meka juu ya jiwe la ngazi lililochongoka, akaokota jiwe jingine, akaanza kugonga kile kitako kirudi mahali pake. Hapana, hakikurudi. Akaigeuza, akagonga kutoka ndani. Bati likalia, watoto wakashtuka, Matthias akasema, "Mama, mama, unafanya nini?" Aligonga kwa ajili ya ile sifuri, na kwa ajili ya Gisèle aliyemsema bure mbele ya majirani. Alipoinuka, meka ilikuwa na makunyanzi lakini chini ilikuwa bapa.

"Pimia na hii," alisema, akihema.

Matthias akamtazama, akachota. Meka ya kwanza ikajaa kama meka za zamani. Ya pili vilevile. Gisèle akakinga mfuko, akausikia uzito wake, akacheka kidogo kwa mshangao. Kina mama wa mbele wakapiga vigelegele.

Lakini Matthias hakuchota tena. Alitazama magunia, kisha akatazama mstari, kichwa hadi kichwa, hadi mwisho kabisa.

"Mama Débo," akasema polepole. "Kwa hii meka, bunga itaishia pale kwa ule mama wa kitambala ya bulu. Kisha pale, bote batarudia mikono bule."

Habari ikapita nyuma ya mstari kama inavyopita habari mbaya. Mwisho kabisa alisimama Bibiche, mke wa sajini Bokungu, mwenye pacha wawili, mmoja mgongoni na mwingine kifuani. Alitoka kambini kwa miguu, na kutoka kambini hakuna anayewahi. Akaacha mstari, akaja mbele, na Kiswahili chake alichojifunza ukubwani kikawa kinagongana na Lingala.

"Mama, Nzambe anakuona. Ulifanya muzuri, meka inakuwa ya haki. Sasa minyi nitapikia batoto nini? Nitabapikia haki?"

Mama mwenye kitambaa cha buluu alikuwa anahesabu kwa vidole waliokuwa mbele yake, na wa nyuma yake walikuwa wanaanza kusukumana. Mmoja akapaza sauti: "Muirudishe vile ilikuwa!" Na mwingine, "Muirudishe!"

Déborah akamtazama Isaïe. Alikuwa ameegemea bega la mama yake, macho yametulia kwenye mfuko ulionona, kama mzee anayejua thamani ya kitu. Kisha akawatazama wale pacha. Alitamani mtu mwingine aamue, yeyote, Matthias, padri, hata Chrispin. Hakukuwa na mtu.

"Gisèle, leta hapa."

"Mama..."

"Leta, mwanangu. Nisamehe."

Akauchukua mfuko, akaumimina wote ndani ya gunia. Akaifunika meka chini, kitako juu, akashika lile jiwe lake. Pigo la kwanza lilikuwa dhaifu. La pili lilibonyeza. Akapiga mpaka ngumi yake ikaenea kama mwanzo, akampa Matthias bila kumtazama usoni.

Matthias akachota upya, meka mbili kwa kila mtoto. Unga ulifika mpaka kwa Bibiche.

Njiani kurudi nyumbani Gisèle alibeba mtoto, na Déborah akabeba mifuko miwili, wa kituo na ule wa Mama Kalunga. Wakavuka reli. Hapo Gisèle akasimama, akauonja uzito wa mfuko wa kituo kwa mkono mmoja, akaurudisha.

"Mama, kwa karatasi uliandika bei gani ya bunga?"

"Elfu tano," Déborah akajibu. "Haikupanda."