Taa za Vibofu

Taa tisa zilikuwa zimeshatundikwa madrasani Kahindi aliponipigia simu.

"Dada Jalila, vile vibofu vya mwisho vilikauka vizuri?"

"Vizuri sana. Leo magharibi wasichana watasoma chini yake."

"Afadhali. Maana viwili nilivitoa kwa ng'ombe aliyetufia kwenye lori. Nikasema, wewe hupendi kitu kitupwe."

Nikakaa kwenye ngazi ya mlango wa nyumbani. "Kahindi! Kibudu?"

"Kwani mnazila hizo taa?" Akacheka peke yake. "Ala! Kuna neno?"

Kahindi huosha matumbo katika kichinjio kimoja Changamwe. Miezi minane sasa ananiwekea vibofu vya mkojo vya ng'ombe, ambavyo havina mnunuzi. Mimi huvisugua kwa chumvi na ndimu, nikavipuliza kama puto na kuvianika juu ya paa la shangazi yangu hapa Likoni. Vikikauka huwa vyepesi kama karatasi, na mwanga ukipita ndani yake hugeuka rangi ya asali. Nilitoka chuoni nikiamini kwamba hakuna takataka, kuna macho yasiyoona tu. Majirani wakaniita Jalila Mikojo. Maalim Mwinyihaji ndiye wa kwanza kukubali taa zangu, na aliuliza swali moja: "Hawa ng'ombe wamechinjwa?"

"Wallahi, Maalim, wote."

Niliapa, na sijavuka geti la kichinjio hata siku moja. Siwezi kuona damu.

Nilikimbia madrasani. Nilizitazama taa moja moja, nikazigusa, nikazinusa. Zote sawa. Shangazi Mwanatabu, aliyekuwa akifagia ukumbi, aliposikia alishika kiuno.

"Shusha mbili zozote, sema zimepasuka. Nani atajua?"

"Na zikiwa sizo?"

"Mwanangu, umehangaika miezi minane. Ukimwambia, kesho Likoni nzima itasema umeleta mzoga madrasani. Nani atazitaka tena?"

Hilo ndilo lililokuwa likinikata maini. Nilipanda ngazi, nikaishika taa ya kwanza. Nje adhana ya alasiri ikaanza. Nikashuka mikono mitupu.

Maalim alipotoka kuswali nilimweleza yote hapo hapo barazani, maneno yakigongana. Aliingia, akainua uso.

"Ni zipi?"

"Sijui, Maalim."

"Basi ni zote."

Akanishikia ngazi mwenyewe. Nilishusha moja baada ya nyingine, nikilia bila sauti, naye akizipokea kwa mkono mmoja mpaka ya tisa.

"Kibofu hakina kosa, Jalila. Umeapia usilolishuhudia. Ukitaka kuniletea nyingine, kasimame wewe mwenyewe ng'ombe anapochinjwa."

"Maalim, mimi naogopa damu."

"Nami naogopa ngazi. Ndiyo maana nimebaki chini."

Sikujua kama nicheke. Lakini alikuwa amesema 'nyingine': bado alizitaka. Nilitoka na mifuko miwili ya taa. Dhahabu, muuza mbaazi wa ng'ambo ya barabara, akaniita, "Jalila Mikojo, wamekufukuza?" Nilimpigia Kahindi.

"Mnaanza kuchinja saa ngapi?"

"Alfajiri, saa kumi na moja. Wataka kuja? Wewe?"

"Mimi."

"Vaa viatu vya mpira. Na usinywe chai kabla, dada."

Nikamwambia aningoje getini, aje anishike mkono, kwa sababu peke yangu ningegeuka.