Sekunde za Heshima

Kilichokuwa kinamwangusha Mzee Yoramu kwenye chesi hakikuwa uhodari wa wapinzani wake. Kilikuwa ni adabu ya mkwewe.

Hana alikaa upande wake wa kushoto kwenye kibaraza cha nyumba yao ya Nkuhungu, simu mkononi, kanga imefunika magoti. Mpinzani akisogeza kete tu, yeye husema kwa sauti ya chini, jinsi mama yake alivyomfundisha kuzungumza na baba mkwe: "Baba, samahani, amemtoa yule farasi wake wa upande wa kulia, amempeleka F sita." Mzee naye, mwalimu mstaafu asiyejua kumtuma mtu bila kumwomba, hujibu: "Ahsante sana, mwanangu. Basi naomba unisaidie, askofu wangu mpeleke G tano." "Sawa, baba. Ameshafika, baba."

Saa ya chesi haijui baba wala mwanangu. Kila mmoja ana dakika tano za mchezo mzima, na zamu ikiwa yako zinakimbia tu, uwe unafikiri, unapiga chafya au unaomba radhi. Wakiwa wameushika mchezo vizuri, malkia yupo, ngome zote zipo, simu inalia: muda umekwisha. Wameshindwa, na mpinzani hata jasho halijamtoka.

Macho ya mzee yaliondoka taratibu. Vikope alivyougua utotoni huko Kongwa ndivyo vilivyoanza kazi, presha ya macho ikaja kuimalizia uzeeni. Katikati hapo, alipostaafu kufundisha hesabu, Joel, mwanawe, alimnunulia simu nzuri, mzee akagundua chesi ya mbio. Aliipenda kama mwanamume aliyechelewa kuoa. Alicheza na Wahindi, na Warusi, na watu wasiojulikana kwao ni wapi, na alama zake zikawa zinapanda mwezi hadi mwezi. Kisha likaja giza. Joel akamleta mjini kwake, akamtafutia programu ya kumsomea kete kwa sauti. Programu ile ikaongea Kiingereza cha puani kwa mwendo wa kinyonga. Mzee aliitukana kwa Kigogo, na habari yake ikaishia hapo.

Basi akawa mtu wa kukaa. Anapelekwa kibarazani asubuhi, anarudishwa ndani jioni, anakula anachopewa. Hana alikuwa anasaga karanga nyuma ya nyumba na kuuza siagi yake kwenye chupa, kwa hiyo mchana kutwa walikuwa wawili tu, mashine ikinguruma na mzee akinyamaza. Siku moja umeme ulikatika, mashine ikazima, na Hana akasikia sauti kutoka kibarazani. Baba mkwe alikuwa ananong'ona herufi na namba.

Alisogea na kusimama mbali kidogo. "Baba, unaumwa?"

"Siumwi. Naurudia mchezo alionifunga rafiki yangu Ludovick kabla macho hayajaniacha. Natafuta nilipokosea."

"Bila ubao, baba?"

"Ubao upo," mzee akasema, kana kwamba ameulizwa kama anga lipo.

Mwili ulimsisimka Hana. Yeye asubuhi hiyohiyo alikuwa ameutafuta ufunguo wa stoo mpaka akataka kulia, na ufunguo uko mfukoni. Huyu mzee, ambaye wao humshika mkono ili asijikwae kizingitini, alikuwa na vita nzima kichwani, imesimama mahali pake, kila askari kwenye nyumba yake. Hapohapo Hana aliomba afundishwe.

Ndivyo walivyoanza, kwa michezo ya kirafiki isiyohesabiwa alama, mpinzani akiarifiwa mapema kwamba upande wa pili kuna mtu asiyeona na mtu wa kumsomea. Wakaanza kushindwa, kila siku, kwa muda.

Mzee alivumilia kwa wiki kadhaa. Mwisho uvumilivu ulimwisha.

"Hana. Leo umetumia dakika mbili kunisalimia."

"Nisamehe, baba."

"Hiyo nayo ni sekunde. Sikiliza. Mchezo ukianza, mimi si baba. Hakuna samahani, hakuna naomba. Taja kete, taja nyumba yake, nyamaza. Na mimi nitafanya hivyohivyo. Heshima tutaiweka ndani, tukimaliza kucheza tutaenda kuichukua."

Kusema ni rahisi. Ulimi wa Hana uligoma kama punda kwenye mto. Siku ya kwanza alisema "Farasi F sita," akajiziba mdomo kwa kanga. Siku ya pili alisema "Askofu anakufa!" na, kwa kuwa yeye ni mwanakwaya wa Anglikana, alitazama kwanza kushoto na kulia. Mchezo ukiisha anapiga goti na kuomba radhi ya maneno yote kwa mpigo. Lakini saa ilianza kuwahurumia. Maneno yalipungua, mzee akawa anajibu kabla hajamaliza kutaja, wakawa wanagongana sauti. Gladness, jirani yao, alipita na ndoo akamsikia mke wa watu akimfokea baba mkwe, "Haraka! Haraka! Anakuja!" Alikwenda moja kwa moja kumweleza mama mchungaji kwamba ile nyumba imeingiliwa na pepo.

Wakaanza kushinda. Kwanza waliwashinda wazembe, baadaye hata wale wenye alama nyingi. Na Hana mwenyewe alikuwa anabadilika bila kujua. Mwanzoni alikuwa mdomo na kidole tu. Sasa, akingoja karanga zipoe, alitatua mafumbo ya chesi kwenye simu, skrini imejaa mafuta, na kuna asubuhi alijikuta ameziona nyumba zote za ubao mbele yake wakati anachota maji. Ziliwaka kisha zikazimika. Alisimama na ndoo yake, ameduwaa. Akawaza: kumbe ndiko anakoishi yule mzee! Si gizani kama tunavyodhani.

Ndipo ikaja Jumanne ya Ludovick.

Ludovick alikuwa bwana shamba, rafiki wa mzee tangu ujana wao wa Kongwa, sasa anajilimia Busi kule Kondoa. Alikuwa na kelele nyingi na mchezo mzuri, na kumfunga yeye kulikuwa na utamu kuliko kuwafunga Warusi kumi. Siku hiyo walikuwa wanamshika vizuri. Mzee akasema, "Malkia, H tano."

Hana aliona palepale kwamba ni kosa. Malkia akienda H tano alihitaji farasi wa kumlinda, na farasi huyo alikuwa ameshaliwa. Hana alikuwa amemwambia, mzee alikuwa amesikia na kujibu, kisha likamponyoka. Kukata maneno Hana alikuwa amejifunza. Kumwambia baba mkwe kwamba amekosea, hilo hakuna aliyewahi kumfundisha, na mdomo wake ulikataa kufunguka. Alimpeleka malkia H tano. Ludovick akamla.

Mzee akauliza: "Farasi wangu yuko wapi?"

"Alishaliwa, baba."

"Uliona kwamba nimesahau?"

"Niliona."

"Na ukacheza."

"Ndiyo, baba."

Mzee hakukasirika, na ingekuwa nafuu kama angekasirika. Aliinuka, akapapasa ukuta mpaka mlangoni, akaingia chumbani kwake bila kusubiri mkono wa mtu. Jioni Joel aliporudi kutoka ofisini Mtumba, mzee alimwambia, "Jumamosi nipeleke Kongwa. Nyumbani kwangu. Simu hiyo mpeni mtu mwingine." Joel akasema, "Ndiyo, baba."

Hana aliijua ile nyumba ya Kongwa. Vyumba vitatu vitupu, mpwa mmoja wa kuleta ugali mara mbili kwa siku, na kiti. Mzee hakuwa anahama. Alikuwa anakwenda kungoja. Babu yake Hana alirudi nyumbani namna hiyohiyo na hakuumaliza msimu wa mvua. Usiku ule Hana hakula, akijua fika kwamba aliyemfunga mzee si Ludovick. Ni yeye, kwa kunyamaza.

Ijumaa mchana Ludovick alipiga simu, sauti yake ikajaa kibaraza kizima: "Yoramu! Nasikia unatoroka! Nipe mmoja wa kuagana, au unaogopa?"

"Baba, tucheze," Hana akasema. "Mmoja tu."

"Wa kumuaga," mzee akajibu. "Basi."

Wakacheza, mzee akishika nyeusi. Hana hajaona tena mchezo kama ule. Hapakuwa na neno lililozidi. Alitaja, mzee akajibu, kidole kikaenda, akataja, akajibiwa. Zile kete nyeusi zilikuwa zinasogea pamoja kama ng'ombe wanaomjua mchungaji wao. Ludovick alirudishwa nyuma hatua kwa hatua mpaka mfalme wake akajibanza kwenye kona, H moja. Hana alitazama ule uso usioona, umetulia, umeinuka kidogo, na akaogopa, ile hofu mtu anayoipata kanisani. Saa zote mbili zilikuwa zimebaki sekunde chache.

"Ngome, C saba," mzee akasema.

Kidole cha Hana kikasimama hewani. Askofu wa Ludovick alikuwa G tatu, anaitazama C saba moja kwa moja, njia wazi. Ngome ingeliwa bure. Ni Jumanne ileile imerudi.

"Hapana," akasema.

"C saba."

"Hapana! Askofu yuko G tatu, anaila!"

"Najua aliko! C saba, upesi!"

"Umesahau, baba! Umesahau kama juzi! Mimi siichezi!"

"Cheza!"

"Siichezi!"

Simu ikalia. Muda umekwisha. Ludovick akatuma vikaragosi vya kucheka, vingi, kimoja baada ya kingine.

Hana alikuwa anahema kama mtu aliyetoka kupigana.

"Nitajie," mzee akasema polepole. "Askofu akiila ile ngome, E moja inabaki inalindwa na nani?"

Hana alitazama. Alitazama tena. E moja ilikuwa inalindwa na askofu huyohuyo, peke yake. Akivutwa kwenda C saba, mlango wa nyuma unabaki wazi. Ngome ya pili ya mzee ipo E nane, barabara imenyooka mpaka chini, na mfalme yuko konani amezibwa na askari wake mwenyewe. Hatua moja, amekufa.

"Lakini si lazima angeila," Hana akasema.

"Ludovick? Ludovick hajawahi kuacha cha bure tangu nimfahamu. Hata msibani huondoka na sahani ya pili."

Hana aliweka simu chini. Mzee alikuwa ameona ubao, ameona saa, ameona mpaka tamaa ya mtu aliyeko Busi, yote hayo akiwa amefumba. Na yeye mwenye macho mawili mazima ndiye aliyemzuia. Machozi yalimtoka. Alipiga goti pale sakafuni. "Nisamehe, baba. Nimekuharibia. Ulikuwa umeshashinda, nimekuharibia."

Mzee alianza kutikisika mabega. Hana alidhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko kilichotoka mbali, mpaka akashika ubavu.

"Umenibishia," akasema. "Umenibishia wewe! Inuka, inuka hapo. Unajua tangu macho yaondoke hakuna mtu aliyenibishia? Nikisema kuna baridi, kuna baridi. Nikisema leo Alhamisi, hata kama ni Jumapili, mchungaji mwenyewe anaitikia. Nikawaza, basi nimeshakufa, hawa wanachelewa kunizika tu. Jumanne uliponiachia nikosee, nikajua na wewe umo." Akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wa Hana, akaushika, jambo ambalo baba mkwe halifanyi. "Leo umenifokea kama nipo."

Walikuwa bado wameshikana mkono Joel alipoingia getini, funguo za gari zikining'inia kidoleni.

"Shikamoo, baba. Kila kitu tayari. Kesho alfajiri tunaondoka."

"Haendi," Hana akasema.

"Nani haendi?"

"Umemsikia," mzee akasema. "Siendi."

Joel aliangalia mkewe, akaangalia baba yake. Alikuwa ametoka kazini amechoka, na uvumilivu wake wa miaka miwili ulikatika pale getini. "Aa, hapana, baba! Hapana! Nimeomba ruhusa kazini, gari nimeazima, kule nyumba imeshafagiliwa, watu wanatusubiri! Juzi unasema hivi, leo unasema vile! Haiwezekani!"

Mzee Yoramu alimgeuzia uso, na uso wote ulikuwa unang'aa.

"Endelea," akasema. "Endelea, mwanangu, nakusikiliza."