Urithi wa Tope

Baba yao alipogawa mali, Khoi, kifungua mimba wake, alipewa nyumba na bwawa la kamba. Luyen, mdogo wake Khoi, akapewa bahari. Hakuna aliyecheka pale pwani ya Ca Mau. Enzi hizo Mto Mekong ulishusha tope, mkondo ukalileta hadi hapa nchi inapoishia, na kila mwaka pwani ilisogea mbele, mikoko ikajiotea. Kurithishwa ardhi ambayo haijazaliwa lilikuwa jambo la kawaida kabisa.

Sasa Luyen ana watoto wawili na chumba cha kupanga kinachovuja, na ardhi yake haijazaliwa. Badala yake bahari imekula mikoko yote nyuma ya nyumba ya Khoi. Huko juu mto umefungwa kwa mabwawa, huku chini wanauchota mchanga usiku na mchana. Luyen amechoka kuelezwa habari hizo na watu wenye viwanja.

Asubuhi moja alikuta tishari la mizigo limefungwa kwenye mfereji mbele ya nyumba ya kaka yake, vibarua wanapakua mchanga. Khoi alikuwa anajaza mchanga kuinua ua wa nyumba yake, maji yasije yakaingia ndani.

"Kaka, nipe kona tu nijenge kibanda."

"Mdogo wangu, kila mtu na fungu lake. La kwako si lile pale?" Akaonyesha bahari kwa kidevu, mkononi ana kahawa yake ya barafu. "Vuta subira. Tope litakuja."

Luyen akaligeukia tishari.

"Huu mchanga umetoka wapi?"

"Mtoni. Ulitaka utoke mbinguni?"

"Mto upi?"

Khoi akakoroga kahawa.

"Mto uleule uliokuwa unijengee ardhi yangu! Juu wamezuia tope, chini mnazoa mchanga, halafu mimi nivute subira? Umenunua urithi wangu, kaka, unaumwaga mlangoni kwako nikiona!"

Vibarua wakaacha makoleo. Mke wa Khoi, aliyekuwa anaanika kamba, akasema bila kugeuka, "Mpe, bwana. Watu wanasikia."

Khoi akasonya. "Haya, chukua kona ya nyuma. Na usinililie tena."

Luyen akazunguka nyumba kwenda kuiona. Ukuta wa jiko ulishapasuka, na chini yake mawimbi yalikuwa yakichokonoa udongo. Akatukana kwa sauti, mto, mabwawa, tishari na kaka yake, kisha akaanza kupima pa kuweka mlango.