Mazoezi ya Saa Nane

Kabla pikipiki haijamgonga kwenye kivuko mbele ya duka lake la dawa, watu walimwita Daftari, kwa sababu hakuwahi kuandika kitu. Ukinunua dawa kwake leo, ukarudi baada ya miezi minne, alikuuliza kama kikohozi cha mtoto kiliisha na kama vile vidonge vyekundu bado vinakuchoma tumbo. Alijua kila kopo lilipo rafuni, hata akiwa ameligeuzia mgongo.

Ajali ilimlaza hospitalini wiki tatu. Mfupa wa kichwa uliunga vizuri, uso ukabaki ule ule, lakini kilichoingia kichwani hakikukaa. Alikwenda jikoni kuchukua kikombe, akifika anasimama katikati ya jiko akijiuliza amefuata nini. Wifi yake, dada wa mumewe, alihamia kwao ili asaidie. Huyo alikuwa muuza vitambaa mwenye ulimi usiolala. "Daftari limeloa tu," alimwambia kila mtu aliyekuja kumjulia hali. "Litakauka."

Mtaalamu wa kliniki, kijana mpole aliyesahau kalamu nyuma ya sikio kila siku, aliwapa kompyuta ndogo ya kupeleka nyumbani. Ndani yake sauti ya mwanamke ilitaja tarakimu, moja moja, na Daftari alitakiwa kuzibonyeza kuanzia ya mwisho kurudi ya kwanza. Nusu saa kila asubuhi, basi. Mtaalamu hakuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa: alisema zoezi hili humfanya mtu awe hodari wa zoezi kwanza, na kama uhodari huo utafika mpaka jikoni, hiyo wataiona mbele ya safari.

Daftari alifanya kila siku baada ya chai, mumewe akiwa ameshaondoka kwenda kiwanda cha uchapaji na wifi kwenye biashara yake ya vitambaa. Tarakimu tatu aliziweza. Ya nne ilimponyoka kama sabuni.

Wiki ya tano, kliniki, mtaalamu alifungua kumbukumbu za kompyuta, akampongeza, kisha akamlaumu kidogo. Alimwomba afanye mara moja kwa siku, mbona anafanya mara mbili? Akamgeuzia kioo cha kompyuta. Asubuhi: tarakimu tatu, nne, makosa tele. Halafu saa nane na dakika kumi mchana, kila siku isipokuwa Jumapili ambapo nyumba nzima ilikuwepo: tarakimu tisa. Kumi. Kumi na moja, bila kosa hata moja.

"Huyo si mimi," Daftari alisema.

Mtaalamu alianza kucheka, akamtazama usoni, akaacha.

Njia nzima ya kurudi nyumbani alilirudia jambo lile chini kwa chini ili lisimtoke. Mchana alikuwa peke yake nyumbani. Mwenye ufunguo mwingine, ukimtoa mumewe, alikuwa mmoja tu. Jioni alimkabili wifi, kwa adabu kwanza, kisha bila adabu, akimtuhumu kwamba anakuja kumchezea mashine ili amcheke. Wifi alikaa, akavua viatu, akasema yeye hata nambari ya simu yake mwenyewe huisoma kwenye karatasi, hizo kumi na moja za kurudi kinyumenyume angezitoa wapi? Kisha akatoa shauri: kesho ataacha simu yake kabatini, katikati ya vikombe, irekodi yanayotokea mezani. Daftari alikubali. Kulipokucha alikuwa ameshasahau kwamba walikubaliana lolote.

Hofu, hata hivyo, haikumtoka. Mchana ule alifunga mlango kwa ufunguo, akauegemezea kiti, akakaa kwenye kochi akikabili mlango, shada la funguo ameliminya mkononi. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane kasoro dakika tano. Aliisikia ikigonga, na nje mtu akikokota ndoo.

Kisha ikawa saa tisa kasoro kumi. Kiti kilikuwa bado mlangoni. Funguo zilikuwa juu ya meza, kando ya kompyuta, na alipoigusa kompyuta ilikuwa na joto.

Hakupiga kelele. Alikaa alipokuwa, mikono mapajani, mpaka wifi akarudi na kubisha.

Wifi aliitazama ile video peke yake chumbani kwanza. Alitoka na simu mkononi. Alimvuta Daftari kochini, akamshika mkono, akamwonyesha.

Mwanamke wa kwenye video aliinuka kochini kama mtu aliyeitwa. Alikifunga kilemba upya kwa mikono miwili, haraka, namna ambayo Daftari hakuwa ameiweza tangu ajali. Alikaa mezani, mgongo umenyooka, vidole vikienda bila kusita, huku sauti ya mashine ikitaja na kutaja. Alipomaliza alifunika kompyuta, akaangalia kabati, moja kwa moja kwenye vikombe.

"Wifi," alisema kwa utulivu, "ukimwonyesha hii, kaa naye."

Daftari aliomba irudiwe. Waliitazama mara tatu, na mara zote tatu alihisi anamchungulia mtu dirishani.

Daktari wa ubongo, mkuu wa yule kijana, alisema kovu la kichwani huweza kuleta kifafa kisichoangusha mtu. Mwenye nacho hutembea na kusema kama kawaida, ila dakika zile hazimwachii kumbukumbu. Akaandika vidonge. Mume wa Daftari akauliza zile tarakimu kumi na moja, nazo ni kifafa? Daktari akafikiri, akasema hilo hajui.

Daftari alivimeza vidonge asubuhi na jioni. Wiki ya tatu, kumbukumbu za saa nane kwenye kompyuta zilikoma. Zoezi la asubuhi lilipanda polepole, tarakimu tano, sita, na akarudi dukani kwa saa mbili kwa siku, si kaunta, bali nyuma, kubandika lebo. Watu walimpongeza. Mumewe alipumua.

Siku moja wakikunja nguo, wifi alisema kuna jambo limemkaa kooni. Mara mbili, kabla ya zile kumbukumbu kugunduliwa, aliwahi kurudi nyumbani mchana, akamkuta mezani, wakanywa chai pamoja. Alidhani ni siku njema tu. Walicheka kama zamani, na Daftari alimtajia hata wateja wa zamani na magonjwa yao, mmoja mmoja.

"Tuliongea habari nyingi," wifi alisema. "Zaidi tulikuongelea wewe. Sikushtuka wakati ule. Alisema, 'Yule mvumilie, anaogopa sana.'"

Daftari aliendelea kukunja shuka, pembe kwa pembe. Kisha aliuliza kama yule mwenzie aliaga.

Wifi alisema hapana, hakuaga.

Daftari akaitikia kwa kichwa, akashika shuka jingine. Siku nzima alikuwa na aibu ya mtu aliyemfungia mwenzake nje, mvua inanyesha.