Profesa Asiyevuta Pumzi

Redioni walimwita Sikio, na jina lilimkaa. Kazi ya binti huyu ilikuwa kusafisha sauti za watangazaji kabla hazijaenda hewani: hapa anakata kikohozi, pale anapunguza pumzi iliyovutwa kwa pupa. Baada ya miaka sita ya kazi hiyo, hakuna aliyeweza kumdanganya kwa sauti. Basi barua pepe ilipomjia kwamba amechaguliwa kwenda ng'ambo kusomea shahada ya uzamili, ajifunze kufundisha kompyuta kusikia na kusema, nauli juu ya wafadhili, ada juu yao, chumba juu yao, hakurukaruka. Alikunja uso.

Nani amlaumu? Aliomba mwenyewe, ndiyo, lakini hata kaka yake aliwahi kuomba. Akapata wakala mwenye tai, akaagwa na ukoo mzima, akafika ugenini na sanduku lake kuulizia chuo ambacho hata madereva teksi hawajawahi kukisikia. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Tangu siku hiyo mama yao hakumwamini mtu anayetoa bila kudai.

"Hawajakuomba hata senti?" alimuuliza. "Basi hapo ndipo pa kuogopa."

Kilichobaki ni mazungumzo ya simu na profesa ambaye angemsimamia, kisha Sikio awathibitishie wafadhili kabla ya Ijumaa kwamba anakubali. Profesa alipiga Jumatano mchana. Alikuwa mpole, akauliza mambo ya maana kuhusu kazi ya redio, ila alikataa kuwasha kamera, na kila alipoulizwa swali alichelewa kujibu. Sikio aliyarekodi yote, maana ndiyo mazoea yake. Alipomaliza zamu akayafungua kwenye kompyuta ya studio, akavaa visikilizio, akasikiliza dakika ishirini nzima. Lahaula! Profesa hakuvuta pumzi hata mara moja. Si mwanzo wa sentensi, si katikati. Ile haikuwa sauti ya mtu, ilikuwa ya mashine.

Damu ikamchemka. Yaani watu wakuibie kwa ujuzi uleule unaotaka kuusomea! Palepale akaandika barua ya moto, akamwita profesa tapeli na mwizi wa sauti za watu, akaambatisha rekodi na kuonyesha kila mahali ambapo pumzi ilipaswa kuwapo, akamaliza kwa kusema nafasi yao wakae nayo. Nakala akawatumia wafadhili, ili nao wajue. Nyumbani mama alimpongeza, akasema huyu sasa ndiye mtoto niliyemzaa.

Jumatatu jibu likaja. Alilisoma kwa sauti jikoni, mama akisikiliza.

Profesa aliandika kwamba miaka minne iliyopita alipasuliwa koo kwa ajili ya saratani. Tangu hapo huandika maneno, na kompyuta huyasema kwa sauti iliyotengenezwa kutokana na mihadhara yake ya zamani. Ndiyo maana huchelewa kujibu. Kamera huzima kwa sababu watu humkodolea shingo macho. Angepaswa kusema mapema, akakiri, ila huona haya. Kisha akaandika: "Kila siku mke wangu huniambia kuna kitu kinakosekana katika sauti hii, na hajawahi kuweza kusema ni nini. Wewe umetuonyesha."

Chini yake palikuwa na habari nyingine. Wafadhili walihesabu kwamba Sikio amekataa, na Ijumaa nafasi ikaenda kwa aliyemfuata. Profesa alijaribu kuwazuia, hawakusikia.

Sikio alilia kilio cha mtoto. Nafasi yangu, alisema, nimeitupa kwa mikono yangu mwenyewe. Mama alimwacha mpaka akatulia.

"Na huyo mzee?" mama akauliza.

"Mzee gani?"

"Huyo aliyepasuliwa koo, nawe ukamwita mwizi wa sauti. Barua nzima umeisoma, unalilia nafasi tu. Mimi nilikufunza kuogopa watu. Hilo sikukufunza."

Aibu ilimshika hata akashindwa kumtazama mama yake. Akachukua simu, akapiga namba ya profesa. Ilipopokelewa pakawa kimya kwa muda, maana upande wa pili mtu alikuwa akiandika. Halafu ile sauti ikasema haloo.

"Ni mimi, profesa," akasema. "Sipigi kwa ajili ya nafasi."