Tonge la Profesa Yeshimebet

Sherehe ya kumuaga Profesa Yeshimebet, bingwa wa vijidudu vya mifugo pale Bishoftu, ilikuwa imepamba moto, watu wakikata nyama mbichi, simu ilipolia. Ng'ombe mwingine wa zizi moja na yule waliyemchinja alikuwa ameanguka ghafla, akafa.

"Wekeni visu chini!" Profesa alifoka. "Kama ni kimeta, hakiui ng'ombe tu, huua na watu. Mtu asimeze!"

Damu ya mzoga ikaletwa maabara. Akaipaka kwenye kioo, bado kavaa gauni lake la sherehe, akainamia hadubini. Akatazama, akarudia tena na tena. Hakukuwa na kimeta. Ng'ombe mlafi yule alivimbiwa na majani mabichi, basi.

"Salama!" alirudi akicheka, jasho likimtiririka. "Kuleni, jamani!"

Hakuna aliyegusa kitu. Ndipo Gebeyehu, mwenye ng'ombe wote wawili, alipochovya kipande kibichi kwenye pilipili, akakizungushia mkate laini wa injera, akakipeleka mdomoni mwa Profesa.

"Anza wewe, Profesa. Miaka yote hii umetukataza nyama mbichi."

Kwa desturi yao, tonge la mkono wa mtu halikataliwi, na kulikataa leo kungekuwa kuyakana macho yake mwenyewe yaliyotazama hadubini. Akapanua kinywa, akatafuna, akameza.

"Mbona pilipili kidogo?" akauliza, na visu vyote vikaanza kukata tena.