Bibi Selina na Sheria za Pande Mbili

Mwenye kosa alikuwa Bibi Selina mwenyewe, na hakuhitaji mtu wa kumwambia. Jumamosi iliyotangulia, watu wa Kisesa walipokuja Kirumba kucheza karata na majirani zake, ubishi ulizuka kabla karata hazijachanganywa. Mchezo ulikuwa ule ule, lasti kadi, lakini kila upande ulikuja na sheria zake. Wa Kirumba walisema mtu akiwekewa karata ya mbili anaokota karata mbili za adhabu. Ila kama naye ana mbili mkononi, lazima aiweke, na adhabu ya zote inamgeukia mwenzake. Wa Kisesa walisema hiyo lazima wao hawaijui, lakini kwao hakuna kumaliza mchezo kwa karata ya adhabu. Anayemaliza hivyo ni mwoga. Bibi Selina, aliyechaguliwa refa kwa sababu hachezi na ana mvi, aliona nyuso zinaanza kununa, akasema basi, tutazifuata zote.

Walimpigia makofi. Wiki nzima alitembea sokoni amenyoosha shingo, na alipokuwa akichagua dagaa aliwaza kwamba kama baba yake angemsomesha, huenda leo angekuwa jaji. Hakujiuliza hata kidogo kama sheria hizo zinaelewana. Kusema kweli, hata shupaza na maua alikuwa bado anazichanganya, kwa kuwa zote ni nyeusi.

Lakini haja yake hasa haikuwa karata. Mwanawe Nestory na kijana mmoja wa Kisesa aitwaye Ngosha walifanya kazi pamoja kwenye jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, kwa miaka mingi. Ngosha alipanga chumba cha uani kwa Bibi Selina, akamwita mama, na yeye na Nestory walikula sahani moja. Wanunuzi binafsi walipoingia kwenye pamba, jineri ikapunguza watu. Ngosha akapunguzwa, Nestory akabaki. Hakuna aliyemkosea mwenzake, na pengine ndiyo sababu hawakupata la kusameheana. Ngosha alirudi Kisesa kwenye mpunga, na tangu siku hiyo hawakusemezana. Bibi Selina ndiye aliyepeleka salamu Kisesa kwamba Kirumba kuna mashindano. Alitaka wanawe wawili wakae tena karibu, hata kama ni kwa kugombania samaki.

Na samaki alikuwepo. Bilali, dalali wa samaki pale mwaloni, mitumbwi inapotia nanga, alijitolea sangara mzima awe zawadi, na watu walikuja kumtazama kama bwana harusi, maana siku hizo minofu ilikwenda kiwandani na wenyeji walizoea mapanki, yaani vichwa na mifupa inayobaki.

Jumamosi hii, mchana, wakabaki wawili tu: Nestory wa Kirumba na Ngosha wa Kisesa, wameketi pande mbili za jiwe pana la uani, karata zimewekewa vijiwe zisipeperushwe na upepo wa ziwani. Walicheza bila kutazamana. Ngosha alipotaka maji, alimwomba Bilali amwombe Nestory asogeze kopo. Nestory alilisogeza, akakumbuka kuligeuza upande usio na kutu. Bibi Selina aliliona hilo, akalihifadhi moyoni.

Ngosha akasema, "Lasti." Alibakiwa na karata moja, na mwenye moja lazima atangaze. Nestory akamwekea mbili ya kopa. Ngosha akaigeuza karata yake polepole: mbili ya shupaza.

Kirumba wakasema lazima aiweke, ndiyo sheria. Kisesa wakasema ameiweka, kwa hiyo karata zimekwisha, ameshinda. Kirumba wakasema ameshindaje, naye amemaliza kwa karata ya adhabu, na sheria hiyo ni ya Kisesa wenyewe. Mayala, mzee wa Kisesa, akasema kwao mtu halazimishwi kuiweka, kwa hiyo sheria yao haimnasi mtu. Kisha wote wakamgeukia refa.

Bibi Selina aliomba maji, akayanywa taratibu kama majaji wanavyokunywa, ingawa hakuwahi kumwona jaji akinywa maji. Akatangaza kwamba Ngosha ameshinda. Kirumba wakaguna. Akasema basi, kwa kuwa hairuhusiwi kumaliza kwa mbili, Ngosha ameshindwa. Kisesa wakasimama na kuanza kutafuta viatu. Akasema basi, warudie mchezo mzima. Hapo pande zote zikaguna pamoja. Ngosha alikuwa ameinuka na wenzake, kiatu kimoja mguuni, na Bibi Selina alijua kwamba akiondoka namna hiyo hatarudi tena. Aliufungua mdomo atoe hukumu ya nne, akaona hana.

Ngosha alimtazama yule mama aliyewahi kumkanda kifua kwa maji ya moto, amekaa kwenye stuli ya refa huku kitenge kimemteleza begani. Akacheka kidogo puani. Kisha akasema, si kwa kupitia kwa Bilali:

"Nestory, unaikumbuka ile mboga?"

Nestory aliinama juu ya karata zake. "Ya karanga?"

"Mimi nilitaka karanga, wewe hukutaka."

"Mama akatia karanga nusu chungu," Nestory akasema.

"Na akakataa kuikoroga, zisije zikahamia upande wako."

"Ikaungua yote."

"Nilikula hivyo hivyo," Ngosha alisema. "Na wewe ulikula. Upande wa karanga, mwizi wewe."

Uani pote watu wakaangua kicheko. Bibi Selina akajitetea kwamba jiko lile lilikuwa na moto mkali, lakini hakuna aliyemsikiliza. Ngosha alivua kile kiatu kimoja, akakaa, safari hii upande wa Nestory, na wawili hao wakaanza kuigeuza geuza ile mbili ya shupaza kama walivyokuwa wakigeuza vifaa vya mashine iliyogoma. Sheria yenu inasema nini cha kuweka, Ngosha alisema. Yenu inasema lini mtu amemaliza, alisema Nestory. Basi umeweka, lakini hujamaliza. Naokota moja, niwe na karata, akasema Ngosha. Na mimi naokota nne, zako na zangu, alisema Nestory, na alizichukua kabla hajaamriwa.

Bibi Selina akatikisa kichwa kwa uzito, akasema hiyo ndiyo hukumu aliyokuwa akiielekea. Bilali alikohoa, akaenda kumparua samaki magamba.

Ngosha aliokota shupaza, akaitua juu ya shupaza, akanyoosha mikono kushangilia. Nestory akamshika kiwiko. Hujasema lasti, alimwambia. Ngosha akajibu kwamba alishasema mwanzo. Ile ilikufa ulipookota, alisema Nestory. Lasti haifi, hiyo umeitunga sasa hivi. Vichwa vyao vilikaribia kugongana, na kila mmoja alikuwa amemshika mwenzake shati.

Bibi Selina alinyanyua kidole. Alikuwa na wazo, na lilikuwa wazo zuri, linalochukua kidogo huku na kidogo kule.

"Mama, nyamaza kwanza," wakasema wote wawili kwa pamoja, bila hata kugeuka.

Akashusha kidole. Akajifunga kitenge vizuri, akasogeza stuli yake kivulini ili asiwazibie mwanga, akakaa kuwatazama wanavyogombana.